Mbuzi Mmoja kwa Insha Moja

Wenseslaus Massawe wa Kibosho alikuwa na miaka arobaini na saba alipogundua kwamba hajui kuandika insha. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa mpishi wa shule moja ya sekondari ya wasichana, akipika makande ya watu mia nne bila kipimo, na kwa miaka ishirini na miwili yalikuwa yameungua mara moja tu, siku ambayo hapendi izungumzwe. Nyumbani alikuwa mgawaji wa nyama wa ukoo, kazi aliyoachiwa na baba yake mdogo. Mtu mwenye kazi mbili kama hizo haonekani kupungukiwa na kitu. Upungufu wake uliletwa na barua.

Barua ilitoka kwenye bodi ya shule. Ilisema kwamba kila mfanyakazi, awe wa darasani, wa getini au wa jikoni, awe na cheti cha kidato cha nne ndani ya miaka mitatu, na asiyekuwa nacho awapishe wenye nacho. Sista mkuu wa shule alikuja kumsomea mwenyewe jikoni, akamaliza, akamwambia pole. Wense akamuuliza kama chakula kilikuwa na kasoro. Sista akasema hapana, chakula hakina kasoro, ni utaratibu tu. Ni nani hasa aliyeamini kwamba maharage huiva vizuri zaidi mbele ya cheti, hilo halijajulikana mpaka leo, na Wense hakuwa mtu wa kuchimba.

Cheti chenyewe kilishawahi kumpita karibu sana. Alikuwa kidato cha tatu, na kaka yake Tito yuko kidato cha tano, mwaka ule kahawa ilipoanguka bei. Baba yao aliwaita wote wawili akasema mmoja atasoma na mwingine atabaki na ng'ombe na kihamba, lile shamba la ukoo. Tito alikuwa amekaribia kumaliza, kwa hiyo ikawa Tito. Asubuhi ya kuondoka Tito alimwambia mdogo wake, "Nikipata kazi nitakurudisha shule." Wense akasema sawa, akachukua panga, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Tito akawa mhandisi wa barabara huko Dar es Salaam. Hakuwa mchoyo. Alituma redio, akatuma koti zito la baridi, akatuma simu, na kila Krismasi alipanda Kibosho na gari limejaa mchele na mafuta ya kula. Kitu ambacho hakutuma ni shule. Wense naye hakuuliza, kwa sababu jambo la namna hiyo mtu ukiahidiwa na mkubwa wako huliulizi, unasubiri. Alisubiri, akaoa, akapata mtoto, akaajiriwa jikoni, na akaendelea kusubiri mpaka barua ya bodi ikamkuta.

Basi akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ili apate cheti alihitaji kufaulu masomo mawili tu. Uraia aliumudu kwa kukariri, maana mtu anayekumbuka nani alipewa paja gani kwenye msiba wa miaka kumi na tano iliyopita hawezi kushindwa na mihimili mitatu ya dola. Somo la pili lilikuwa Kiswahili, na hapo ndipo alipoanguka. Hakuanguka kwa kutojua lugha. Aliangushwa na insha, ambayo ni swali moja tu katika karatasi nzima.

Mwaka wa kwanza waliulizwa umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji. Wense alilifurahia swali hilo. Lakini kwao mtu hasimami mbele za watu akaanza na hoja. Anaanza na waliomtangulia. Akaanza na mfereji unaopita juu ya nyumba yao, akataja waliouchimba, ukoo kwa ukoo, kisha waliousafisha, kisha mzee aliyevunjika mguu akiuziba ulipobomoka, kisha watoto wa mzee huyo, wawili wakiwa hai na mmoja marehemu. Kengele ya mwisho ilipolia alikuwa ameandika kurasa saba, maswali mengine hakuyagusa, na maji yalikuwa bado hayajafika hata kwenye shamba la kwanza.

Mwaka wa pili aliamua kufupisha. Swali lilihusu ajali za barabarani. Akaanza na hoja moja kwa moja kama mtu asiyefundishwa adabu, akaandika ukurasa mzima, kisha aibu ikamshika. Akarudi juu, akaanza kuongeza majina pembeni kwa mishale: dereva mstaafu wa kijijini aliyewahi kuwaonya vijana, katekista aliyewapeleka majeruhi hospitali, mwenye gari lililowapeleka. Mishale ilivukana. Msahihishaji, popote alipo, alimpa alichostahili.

Ukabaki mwaka mmoja. Sista alimwambia kwa upole kwamba tayari kuna kijana ameleta barua ya kuomba kazi ya jikoni, kijana mwenye cheti. Wense akauliza kama anajua kupika. Sista akasema atajifunza.

Mkewe Salvina ndiye aliyesikia habari za kituo cha masomo ya ziada huko Pasua, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, kinachofundisha watu wazima kuanzia saa tisa alasiri. "Baba Monica, nenda," alimwambia. "Majani ya ng'ombe nitakata mimi."

"Utaweza siku tatu kwa wiki?"

"Wewe uliweza miaka yote hii, na hukuwa na nguvu kunizidi."

Mwalimu wa Kiswahili aliitwa Goodness, binti wa Kilutheri kutoka Machame, umri sawasawa na Monica wao. Siku ya kwanza aliingia darasani, akamwona mzee wa watu amekaa mbele, akamwinamia. "Shikamoo baba." Wense, aliyekuwa amesimama kwa kuwa mwalimu ameingia, akajibu, "Marahaba mwalimu," na akabaki amesimama. Goodness hakuweza kukaa wakati mzee amesimama, na Wense hakuweza kukaa wakati mwalimu amesimama. Wanafunzi wengine sita waliwatazama. Kipindi kilianza kwa kuchelewa kidogo.

Goodness alisoma insha zake za mazoezi kwa makini na alizirudisha zikiwa na wino mwekundu mwingi. Aliandika, *Futa*. Aliandika, *Hoja iko wapi?* Aliandika, *Huyu ni nani na anahitajika kwa nini?* Na mwisho wa kila insha aliandika swali lilelile: *Wewe uko wapi hapa?* Wense alichukua kila karatasi mpaka Kibosho, akaisoma amekaa kwenye kigoda cha jikoni, na hakufuta jina hata moja. Wiki iliyofuata alileta insha ndefu zaidi, kwa kuwa alikuwa ameongeza maelezo ya kwa nini kila aliyetajwa anahitajika.

"Baba," alisema Goodness siku moja wenzake walipokwisha kuondoka, "mtihani unataka maneno mia mbili na hamsini. Hapa kuna elfu moja na mia mbili. Unaogopa nini ukifuta?"

Wense hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. "Mwalimu, wewe nyumbani kwenu nyama anagawa nani?"

"Baba mkubwa."

"Akimruka mtu?"

Goodness akacheka kidogo kisha akaacha, kwa sababu aliijua hadithi ya baba yake mdogo aliyewahi kurukwa kwenye ubatizo na hakuonekana nyumbani kwao miaka minne. "Hamruki mtu," alisema.

"Basi. Mimi ndiye baba mkubwa wa kwetu. Kazi yangu ni kutomruka mtu. Nimeifanya miaka kumi na nane. Sasa wewe unaniambia ruka."

Goodness akakaa juu ya meza. Akamwomba amweleze jinsi anavyogawa, tangu mwanzo. Wense akaeleza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo yale hakupotea njiani. Kwanza unauliza mbuzi ni mmoja au wawili. Kisha unauliza waliofika ni akina nani. Kabla hujagusa kisu, unamgawa mbuzi kichwani: kwa ukoo wao kidari ni cha mkubwa wa nyumba, mgongo ni wa mashangazi, paja la kulia ni la wajomba, na hivyo hivyo mpaka chini. Shingo huichukua mgawaji mwenyewe, mwisho kabisa, kama imebaki. Ukianza kukata ndipo ufikirie, umeharibu. Na kidari hakiongezeki kwa sababu wamekuja wakubwa wawili, kidari ni kimoja.

"Na watu wakiwa arobaini?" aliuliza Goodness. "Mbuzi mmoja, watu arobaini. Hao ambao sehemu hazikuwafikia unawarukaje?"

"Siwaruki. Wanakunywa kisusio." Alimaanisha ile supu nzito ya damu na vipande vya utumbo inayopikwa kwenye sufuria kubwa. "Kisusio ni cha wote. Aliyekunywa kisusio ameshiriki, hana la kusema barabarani."

Goodness akashuka mezani, akachukua chaki, akachora mbuzi ubaoni. Hakujua kuchora na mbuzi alifanana na meza, lakini Wense alimtambua. "Baba, maneno mia mbili na hamsini ndiyo mbuzi wako," alisema. "Ni mmoja. Miaka yote miwili umekuwa ukichinja wa pili."

Wense alimtazama yule mbuzi wa chaki kwa muda mrefu. Alihisi aibu ya mtu aliyetafuta panga nyumba nzima kumbe amelishika. Akaomba chaki, akarekebisha miguu ya nyuma, akachora sufuria chini yake. "Na kisusio kwenye insha ni nini?" aliuliza.

"Sijui. Wewe unasemaje?"

"Ni ile, *na wengineo wote*," alisema Wense.

Kuanzia siku hiyo hakuandika insha bila mbuzi. Alimchora kwenye mgongo wa bahasha, kwenye karatasi za kufungia chumvi, kwenye vumbi la uwanja wa jikoni kwa kijiti. Utaratibu ulikuwa mmoja. Anasoma swali mara tatu. Anaorodhesha waliofika, maana yake kila jina na kila hoja iliyomjia. Kisha anagawa: hoja kubwa kwenye kidari, ya pili mgongoni, ya tatu kwenye paja, na waliobaki kwenye sufuria. Goodness aliongeza sharti moja: hapati kipande asiye na ushahidi. Kama jina linadai kidari, lioneshe lilifanya nini. Sharti hilo lilimsumbua Wense kuliko mengine yote, kwa sababu kwenye nyama halipo. Kwenye nyama unapewa kwa kuwa umezaliwa wa kwanza.

Wanafunzi wa shuleni nao waliingia kazini. Wasichana wa kidato cha nne waliokuwa kwenye foleni ya makande walimuuliza tamathali za semi, na aliyekosoa jibu lake kwa haki aliongezewa maharage. Salvina alimsomea vitabu vya fasihi huku akimenya ndizi, na alipofika mahali pa kuhuzunisha aliacha kusoma akamweleza angefanyaje yeye. Insha zikafupika. Zikashuka mpaka maneno mia tano, mia nne, mia tatu na kumi. Goodness aliacha kuandika *Futa*. Lile swali la mwisho ndilo halikuacha kuandikwa. *Wewe uko wapi hapa?* Wense alidhani ni kosa la wino.

Siku ya mtihani aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa ubao. Akafungua karatasi. Swali la insha lilisema waandike, kwa maneno yasiyozidi mia mbili na hamsini, juu ya mchango wa jamii katika elimu yao.

Alisoma mara tatu. Kisha akageuza kijitabu cha majibu, akachora mbuzi kwenye ukurasa wa mwisho.

Msimamizi, kijana mwenye tai, alipita akasimama. Akamtazama mbuzi, akaenda mpaka dirishani, akarudi. "Mzee," alinong'ona, "hii ni karatasi ya Kiswahili."

"Najua, mwalimu. Huu ni mpango."

Msimamizi alifikiri kama kanuni zinakataza mbuzi. Hakukumbuka kifungu chochote. Akaenda zake.

Mkono wa Wense ulikuwa umeshaandika kwenye kidari, bila kumuuliza mwenyewe: *Kaka Tito*. Miaka yote kidari kilikuwa cha Tito tangu baba yao afariki, mkono ulikuwa umezoea. Akataka kuendelea na mgongo, akakumbuka sharti. Ushahidi. Akatafuta. Redio. Koti. Simu. Mchele. Aliviandika pembeni kimoja kimoja, akavitazama, na kati ya vyote hakuona shule. Alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba mwenzake wa dawati la pili aligeuza ukurasa mara mbili. Ilimuuma. Alikuwa hajawahi kumnyima kaka yake kitu, na sasa anamnyima mbele ya mtu mwenye tai.

Akamkata Tito kwa mstari mmoja. Kwenye kidari akaandika *Salvina*, jambo ambalo kwenye nyama halijawahi kutokea Kibosho nzima. Mgongoni akaandika mwalimu. Kwenye paja, wasichana wa foleni ya makande. Akashusha mshale kutoka kwa Tito mpaka kwenye sufuria.

Kisha akaona shingo iko tupu. Shingo ya mgawaji. Na ndipo alipolielewa lile swali la wino mwekundu. Akaandika kwenye shingo sentensi moja, akaihesabu maneno, akaona inaenea.

Insha ilimchukua dakika arobaini. Maswali yaliyobaki aliyajibu yote, na alipomaliza ilikuwa bado nusu saa. Hakujua nusu saa inatumikaje kwenye mtihani, kwa hiyo alirudi kwenye mbuzi akamwongezea ndevu.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari. Monica aliyaona kwenye simu akampigia mama yake, mama yake akaenda kwa miguu mpaka jikoni kule shuleni, akamkuta Wense anakoroga. "Uraia D, Kiswahili C," alisema Salvina. Wense akaendelea kukoroga, kwa sababu uji ukiuacha unashika. Alipokwisha kuuepua ndipo alipokaa kwenye gunia la mahindi, akajifuta uso kwa aproni, na hakuitoa aproni usoni kwa muda. Sista alikuja kumpa mkono. Yule kijana mwenye cheti alishapata kazi hotelini huko mjini.

Tito alipiga simu siku hiyo hiyo. Alifurahi kweli, sauti ilisikika. Akasema anakuja, na mbuzi wa pongezi ni wake, asimsikie mtu mwingine anamtaja mbuzi.

Alikuja Jumamosi ya pili ya Februari. Uwanjani waliweka viti, pombe ya mbege ikatoka, mashangazi wakakaa upande wao. Mwalimu Goodness alialikwa, naye alikuja amebeba karatasi kubwa ya manila iliyokunjwa. Wense alidhani ni zawadi. Wiki ile ya mtihani Goodness alikuwa amemwomba amwandikie tena ile insha kutoka kichwani, pamoja na mbuzi wake, ili aitumie kufundishia, na Wense aliiandika neno kwa neno, kwa sababu kitu ulichokikata mwenyewe ni vigumu kukisahau. Hakuuliza itasomwa wapi.

Goodness alipopewa nafasi ya kusema neno, aliibandika manila kwenye ukuta wa nyumba. Mbuzi alikuwa mkubwa, amechorwa vizuri safari hii, ana majina. Akawaeleza watu jinsi baba alivyopanga insha yake: kidari, mgongo, paja, shingo, na sufuria ya kisusio kwa ambao sehemu hazikuwafikia. Watu walicheka vizuri. Wense peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye meza ya nyama, kisu mkononi, akitafuta namna ya kuiangusha manila kwa mbali.

Goodness akatoa karatasi, akasoma insha. Ilipofika kwa Salvina na kidari, shangazi mmoja alisema, "Haya," na Salvina akaangalia viatu vyake, akatabasamu huku machozi yanamtoka. Goodness akasoma juu ya mwalimu, akapita haraka kwa haya. Akasoma juu ya wasichana wa foleni. Tito alikuwa amekaa kiti cha mbele, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza tangazo la kanisani na kujua jina lake linakuja. Akasikia: "Mimi mwenyewe niliacha shule nikiwa kidato cha tatu ili mwingine asome, na sasa nimerudi. Nawashukuru hao niliowataja na wengineo wote." Goodness akakunja karatasi. Makofi yakapigwa. Jina la Tito halikuja.

Wense alifanya kile alichojua kufanya. Akachukua sinia, akaweka kidari kizima cha kuchoma, akampelekea kaka yake kama ilivyo desturi.

Tito hakukipokea. "Wense, mimi niko sehemu gani pale?" aliuliza kwa sauti ya chini, akionesha ukuta.

Wense angeweza kusema uongo, maana mbuzi alikuwa mkubwa na majina mengi. "Kwenye kisusio, kaka," alisema.

Tito akatikisa kichwa kukubali. "Nilisema nikipata kazi nitakurudisha shule."

"Ulisema."

"Nikapata kazi mwaka tisini na saba."

"Najua. Nilikunywa kisusio cha sherehe ile."

Mashangazi wakawa wanazungumza kwa sauti kubwa mambo yasiyohusu kitu, kama watu wenye adabu wanavyofanya.

"Kila Krismasi nikipandisha kilima hiki nakumbuka," alisema Tito. "Nafika, naona umenyamaza, nasema huyu amesahau. Inakuwa nafuu kwangu. Nimeona aibu leo, mdogo wangu. Mbele ya huyu binti wa Machame."

"Sikusahau," alisema Wense. Alikuwa bado ameshika sinia, na mikono ilikuwa inaanza kuchoka. "Nilikusubiri sana, kaka." Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu, hata kwa Salvina, na alishangaa kuona kwamba lilikuwa fupi hivyo.

Tito akasimama. Akamnyang'anya sinia, akamshika bega, akamkalisha kwenye kile kiti cha mbele, akamwekea sinia mapajani. Kisha akaenda mwenyewe mpaka kwenye sufuria, mhandisi na shati lake jeupe, akapanga foleni nyuma ya majirani, akapewa bakuli la kisusio. Akarudi, akakaa kwenye benchi pembeni ya mdogo wake, akaanza kunywa.

Wense alikitazama kidari. Alikuwa amekata vidari kwa miaka kumi na nane, anajua kisu kiingie wapi na mfupa utoke vipi, na alikuwa hajawahi kukila. Akanyoosha mkono, akachukua kisu chake, na kwa mazoea akaanza kukikata vipande vidogo vidogo sawasawa, cha huyu, cha yule, huku macho yake yakihesabu waliofika.

Salvina akaja kutoka upande wa mashangazi, akamshika mkono wenye kisu.

"Baba Monica," alisema. "Kula."

Wense akaweka kisu chini, akala. Kilikuwa na mafuta kuliko alivyodhani miaka yote, na alikimaliza polepole, na watu wote wakamngoja.